Kingamwili zipo kwenye damu, ugonjwa wenyewe bado. Ina maana gani?

MwanaTanga: Habari zenu. Niko Turku, Ufini. Mtoto wa mume wangu, nimemlea mimi na ananiita mama, ana APECED, ugonjwa wa kurithi wa kinga. Ulimi unafanya utando mweupe wa fangasi kila dawa ikikatika. Halafu vidole vilianza kukakamaa hadi penseli inamponyoka, kumbe kalsiamu imeshuka, hilo lilitibiwa. Sasa damu imeonyesha kingamwili dhidi ya interferoni, protini za mwili za kupambana na virusi, na nyingine dhidi ya kimeng'enya cha tezi zilizo juu ya figo. Mtoto anacheza mpira vizuri tu! Je, tezi hizo zimeshaugua? Silali.

Maabara_Mwanza: Pole sana dada. Chanzo ni jeni ya AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997. Kazi yake iko kwenye thaimasi, tezi ya kifuani: inazionyesha seli changa za kinga sampuli za viungo vya mwili, na seli itakayotaka kuvishambulia inaondolewa. Jeni ikiharibika, seli hizo zinapita, na mwili unatengeneza kingamwili za kujishambulia wenyewe. Kingamwili za interferoni karibu kila mwenye APECED anazo, ndiyo maana zinasaidia kuthibitisha ugonjwa. Na hao fangasi wanahusiana na kingamwili dhidi ya interlukini 17 na 22, protini za kinga zinazolinda mdomo. Lakini za interferoni msizidharau: mwaka 2020 watafiti walipima wagonjwa 987 wa Korona kali, 101 walikuwa nazo, na wengi hawakuwa na APECED. Mafua makali au homa, mpelekeni mapema. Chanjo zenye virusi hai, daktari wake aamue kwanza.

Nesi_Wodini: Mama, kingamwili za tezi hutangulia, wakati mwingine kwa miaka. Hajaugua bado, ila yuko kwenye hatari, kwa hiyo apimwe homoni mara kwa mara. Nyumbani angalia: uchovu usioisha, kizunguzungu akisimama, kutamani chumvi, ngozi kuwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi. Akitapika na kulegea, usingoje asubuhi, ni sindano ya haidrokotizoni, dawa ya kujazia homoni ya tezi hizo, hospitali. Waambie mlangoni kabisa ana APECED.

MwanaTanga: Mungu awabariki. Leo nimemkagua fizi, ziko sawa. Je, nikizaa na baba yake?

Maabara_Mwanza: Kwa kawaida lazima arithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia. Mumeo anayo moja. Ufini ugonjwa huu ni takriban mtu 1 kwa 25,000, na huko ni wengi kuliko karibu kote duniani. Wewe wa Tanga uwezekano wa kuibeba ni mdogo sana. Omba kipimo cha jeni kabla ya mimba, ni damu kidogo tu.