MJADALA: Binamu ana tarehe ya mahakama ya uhamiaji Houston. Aende au ajifiche?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, heshima kwenu. Binamu yangu yuko Houston. Alikuja kwa viza ya shule, mwaka wa pili ada ikamshinda, akajilipua, yaani akaomba hifadhi ya ukimbizi. Ofisini walimkatalia hifadhi, faili likapelekwa kwa jaji. Kesi ni Jumanne ijayo. Mnajua tangu Mei 2025 watu wanakamatwa koridoni: mtu anatoka mbele ya jaji, ICE, maofisa wa uhamiaji, wako kwenye benchi wanamsubiri. Mama yake kule Tanga hali wala halali. Nusu ya ukoo inasema asiende, nusu inasema aende. Mwenyewe amehama mara mbili mwaka huu, analala kwa marafiki. Naomba ushauri wa waliopitia, si wa kuhadithiwa.

Mkongwe wa Dallas
Asiende. Mbuzi hajipeleki buchani. Nina miaka 22 nchi hii, nimewaona waliokwenda na makaratasi yao yote kwenye bahasha wakaishia kizuizini, simu zinaita hazipokelewi. Abadili jimbo, afanye kazi za kulipwa mkononi, mlango asifungue. Siku hizi si lazima hata wakurudishe kwenu. Rwanda ilikubali Agosti 2025 kupokea watu hadi 250 wa mataifa mengine. Mtoto wa Tanga atashtukia yuko Kigali.

Mama Neema
Mkongwe, hapo kwenye mlango tu ndipo uliposema kweli. Kwingine unampoteza mtoto wa mwenzio.

Asipotokea, jaji anatoa amri ya kumwondoa siku hiyo hiyo, kiti chake kikiwa kitupu. Baada ya hapo akisimamishwa na polisi kwa taa ya nyuma ya gari, hana kesi tena, ana amri. Yalinikuta mimi. Mwaka 2014 nililipa dola 800 kwa bwana mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa akijaza fomu za watu sebuleni kwake. Si wakili. Kwenye sehemu ya anwani akaandika ya kwake. Barua ya mahakama ikaenda kwake, hakunipa. Niligundua mwaka 2017 kwamba nina amri ya kuondolewa ya miaka miwili nyuma. Nilikaa chini kwenye maegesho ya magari nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Wakili wa kweli ndiye aliyeifungua kesi upya, kwa kuonyesha kwamba wito ulitumwa kwenye nyumba ambayo sijawahi kulala hata usiku mmoja.

Sasa mleta mada, umesema binamu amehama mara mbili. Ameiambia mahakama? Si posta, mahakama. Kuna fomu EOIR-33, unaipeleka ndani ya siku 5 za kazi baada ya kuhama. Na AR-11 ya uhamiaji, siku 10. Ni fomu mbili tofauti, kwa ofisi mbili tofauti, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Asipotoa anwani mpya halafu barua ikapotea, hawezi kuja kulalamika kwamba hakupata wito. Apige leo 1-800-898-7180, aweke ile namba yake ya uhamiaji inayoanza na A, mashine itamsomea tarehe ya kesi.

Mlipakodi
Nasema ukweli ingawa hamuupendi. Nyie wazamiaji ndio mnaotuchafulia jina sisi tuliokuja kwa njia ya halali. Mtu anakuja kusoma, anaacha shule, anatunga hadithi kwamba nyumbani atauawa, halafu anatafuta huruma. Mimi nina grinikadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, tangu 2009, nalipa kodi, nalala usingizi. Dawa ya kudipotiwa ni kufuata sheria.

Mtoto wa Chumbageni
Sikuja kuuliza kama binamu ni mzamiaji. Hujui alikimbia nini, na sitakuandikia hapa.

Mzee wa Uvira
Bandugu, miye ni mutu wa Uvira, Kongo, niko Louisville, tulikuja kwa ukimbizi. Mlipakodi, grinikadi si ukuta. Hapa Kentucky kulikuwa na kesi ya mtu mmoja, José Padilla, mzaliwa wa Honduras. Alikuwa na grinikadi, alikaa nchi hii zaidi ya miaka 40, alipigania Marekani kule Vietnam. Akakamatwa na bangi kwenye lori, wakili wake akamwambia akiri kosa, asiogope, amekaa muda mrefu. Alipokiri, uhamiaji wakamfungulia kesi ya kumwondoa. Ikafika Mahakama Kuu ya nchi, mwaka 2010 wakaamua kwamba wakili wa jinai ni lazima amwambie mgeni kama kukiri kwake kutamfanya afukuzwe.

Hiyo ndiyo kinga ambayo watoto wetu hawaijui. Mutoto wa jirani yangu alikamatwa pamoja na wenzake kwa wizi wa dukani. Akaambiwa asaini, apewe kifungo cha nje, aende nyumbani leo. Mama yake akafurahi. Kwa sheria ya uhamiaji, wizi wenye hukumu ya mwaka 1 unahesabika kosa kubwa, hata kama hujalala jela siku moja. Tulimzuia mbele ya mlango wa mahakama, kalamu iko mkononi. Kabla ya kukiri chochote, muulize wakili: "Hii itanifanya nini uhamiaji?" Na akujibu kwa maandishi.

Na Mkongwe, habari ya Kigali usiitaje kirahisi mbele ya mutu wa Uvira.

Dada wa Kisumu
Mlipakodi, grinikadi tangu 2009 na bado hujaapa uraia? Miaka 5 inatosha kuomba, ukiwa umeoa raia na mnaishi pamoja ni 3. Kwani unangoja nini? Sisi Wakenya tulipata Katiba ya 2010, mtu anachukua wa Marekani na wa nyumbani unabaki. Watanzania mnakaa na grinikadi miaka 20, kisha mnaita wengine wazamiaji.

Mlipakodi
Uraia wangu siuzi. Nina kiwanja Kibaha na shamba aliloniachia marehemu mzee Rufiji. Nikiapa hapa, kwa Sheria ya Uraia ya 1995 mimi si Mtanzania tena. Kwa kawaida mgeni hamiliki ardhi Tanzania ila kwa uwekezaji. Nitaomba viza kwenda kuzika mama yangu? Wewe Mkenya huwezi kulielewa hilo.

Dada wa Kisumu
Naelewa kuliko unavyodhani, shangazi yangu ameolewa Tarime. Lakini basi usiseme unalala usingizi. Raia hadipotiwi, wewe unadipotiwa. Kiwanja cha Kibaha ndicho kinachokuweka hatarini, si binamu wa mwenzio.

Kijana wa Moshi
Hapo Dada umegonga msumari. Miaka yote tunalia na uraia pacha, kila mjumbe akija kuonana na diaspora tunauliza, tunajibiwa usalama wa taifa. Fedha zetu wanazipokea bila kuuliza pasi. Na hiyo hadhi maalum ya diaspora si uraia, tusidanganyane.

Mkongwe wa Dallas
Mimi niliapa 2011. Siku ya kurudisha pasi ya kwetu niliona kama nimemzika mtu. Anayesema ni karatasi tu hajawahi kuishika kwa mara ya mwisho.

Mama Neema
Kumbe una pasi ya Marekani, Mkongwe! Wewe hakuna wa kukugusa, halafu unamshauri kijana asiye na kitu avunje tarehe ya jaji? Kama ni mwanao ungemwambia hivyo?

Mkongwe wa Dallas
Ningemwambia hivyo hivyo. Nilimsindikiza mtoto wa dada yangu mwaka jana, nikamwacha pale mlangoni nikitafuta pa kuegesha. Niliporudi, nilikuta koti lake tu mkononi mwa mtu nisiyemjua. Usinifundishe uchungu.

Mama Neema
Pole kaka yangu. Sikulijua hilo. Niwie radhi.

Kijana wa Moshi
Kuna njia ya tatu hamjaitaja. Ajiandikishe kwenye CBP Home, programu ya serikali ya kujiondokea mwenyewe, anakatiwa tiketi na kupewa fedha kidogo, anarudi kwa heshima yake.

Dada wa Kisumu
Usimshauri hilo kabla hajaongea na wakili. Aliyekaa bila makaratasi zaidi ya mwaka 1 akitoka mwenyewe anaweza kufungiwa miaka 10 nje. Na ukiwa na kesi kwa jaji, kuondoka kimyakimya kunaweza kuzaa ile amri ile ile. Na msichanganye mambo. Huko koridoni serikali ilikuwa inamwomba jaji aifute kesi ili mtu aingizwe kwenye njia ya mkato isiyo na jaji. Wengine wakishangilia, "Kesi imefutwa!" Wakikuambia hivyo, sema unapinga, omba muda wa kujibu kwa maandishi. Ile njia ya mkato ni ya waliozuiwa mpakani au walioingia bila kuruhusiwa rasmi. Serikali ilipoipanua Januari 2025 iwashike nchi nzima waliokaa Marekani chini ya miaka 2, jaji wa Washington aliusimamisha upanuzi ule Agosti, serikali ikakata rufaa. Binamu aliingia kwa viza. Ndiyo maana anahitaji jaji, ajifiche wa nini?

Wakili wake pia anaweza kuomba ahudhurie kwa video. Ombi lipelekwe mapema, si asubuhi ya kesi.

Mtoto wa Chumbageni
Wakili hana. Serikali haimpi.

Mama Neema
Haimpi, ni kweli. Kwa jaji wa uhamiaji una haki ya wakili ila kwa fedha zako. Tovuti ya mahakama ina orodha ya wanaosaidia bure au kwa bei ndogo, kwa kila jimbo. Apige wote, asikate tamaa kwa wa kwanza. Akikosa, amwombe jaji muda wa kutafuta, mara ya kwanza wengi wanapewa.

Na huko anakolala awaambie wenyeji kuhusu mlango. Kwangu waligonga mwaka jana, alfajiri. Nikasema bila kufungua, pitisheni karatasi chini ya mlango. Ilikuwa I-200, hati ya kukamata ya uhamiaji wenyewe, jina la mpangaji aliyehama zamani, nembo ya tai juu, na chini sahihi ya ofisa wa uhamiaji. Jina la mahakama halipo, jaji hayupo. Nikasema siruhusu kuingia. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka mpaka karatasi inalia. Walikaa garini kama dakika arobaini, wakaondoka.

Mkongwe wa Dallas
Na wakivunja?

Mama Neema
Usipigane, usikimbie. Sema sijaruhusu, nyamaza, dai wakili, usisaini. Hayo wakili atayatumia baadaye.

Mlipakodi
Turudi kwenye uraia pacha. Mnaonishambulia, ni nani kati yenu atanilindia shamba la Rufiji?

Kijana wa Moshi
Mliandikishe kwa mdogo wako kama wenzio.

Mlipakodi
Kaka yangu mkubwa alifanya hivyo. Sasa hivi wako mahakamani Kibaha, hawazikani.

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, samahani nawakatiza. Tumepiga ile namba, nipo naye kwenye simu nyingine. Si Jumanne ijayo. Tarehe ililetwa karibu, ni keshokutwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Barua itakuwa ilikwenda nyumba ya kwanza.

Dada wa Kisumu
Usiku huu ajaze EOIR-33. Kesho saa tatu ofisi zikifunguliwa aanze kupiga kwa mawakili. Namba ya A na tarehe yake ya kuzaliwa akuachie wewe, na namba yako ya simu aikariri kichwani.

Mkongwe wa Dallas
Nitumie jina la mtaa anapolala, kwa faragha. Kutoka hapa hadi Houston ni saa nne, natoka kesho baada ya kazi. Msimamo wangu ni ule ule, mimi nisingeenda. Lakini kama anakwenda haendi peke yake, na gari safari hii ataegesha mtu mwingine.