Programu huria: mlisikilizwa au mlifungiwa nje? Tupeane uzoefu

Mwana_Langoni: Asalaam aleikum jamaani. Nazungumzia miradi iliyo wazi, ambayo yeyote anaweza kuona msimbo wake (yaani maandishi yanayoiendesha programu) au data yake na kuchangia. Naanza mimi. Mwaka juzi niliingiza vichochoro vya Langoni, mtaa wa Lamu, kwenye OpenStreetMap, ile ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri. Kazi ya miguu hasa. Vingine punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Asubuhi moja nakuta msikiti wa mtaani kwetu umepewa jina jingine. Nilipandwa na hasira! Nikafungua historia: nani kabadili, lini, kaandika sababu gani. Nikamuuliza pale pale hadharani. Kumbe alinakili ramani ya zamani. Akarudisha, akaomba radhi. Nyinyi je?

Fundi_Malindi: Yangu chungu. Kuna mradi, jina naliacha, niliutafsiria Kiswahili Ramadhani nzima, kila usiku baada ya tarawehe. Msimbo uko nje, unausoma utakavyo, lakini maamuzi wanakata wenyewe faraghani. Toleo jipya likatoka, Kiswahili hakimo. Sababu haikuandikwa popote. Nimeuliza mara mbili, kimya. Ni kama kualikwa arusini ukaishia kuosha masufuria.

Bi_Shela: Pole kaka. Mimi nimetulia na Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Mkataba wao wa 1997 unasema wazi kwamba hawataficha matatizo, na orodha ya hitilafu anaiona kila mtu. Hata kiongozi wao huchaguliwa kwa kura kila mwaka. Niliripoti hitilafu ya printa ya dukani kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikajibiwa baada ya wiki tatu. Nilishanunua printa nyingine 😀 lakini walijibu.

Baharia_wa_Pate: Mnakumbuka xz, ile programu ndogo ya kubana mafaili, Machi 2024? Mtunzaji alikuwa karibu peke yake, kachoka. Akaja mgeni mwenye bidii, akaaminiwa, kumbe anapenyeza mlango wa siri. Aliyegundua ni Andres Freund, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Msimbo ule tuliutumia miaka yote, na hakuna aliyemuuliza yule mtunzaji hali yake. Mimi nikiwemo.

Fundi_Malindi: Hilo kweli, sheikh. Nimeanza kutafsiri tena, mradi mwingine. Safari hii nimeuliza kabla ya neno la kwanza: maamuzi mnayafanyia wapi, na mimi naruhusiwa kuwepo? Wamenitumia kumbukumbu za vikao vyao vyote. Ndiyo nazisoma usiku huu.