Kuosha gari kupitiliza: vijana wa barabarani, ndoo mbili, polishi au seramiki?

MzeeWaNdoo, Njiro
Wakuu, nina ugonjwa na nimeukubali. Jumamosi nimeanza kuosha gari saa mbili asubuhi, nimenyanyuka saa kumi na moja jioni. Na gari lenyewe ni IST. Matundu ya kiyoyozi nimeyachokonoa kwa pamba za masikio, nati za tairi nimezipiga mswaki moja moja, mpaka ndani ya kile kifuniko cha kujazia mafuta nimepangusa. Mama watoto alileta chai, akaiweka kwenye ngazi, akaondoka hajasema neno.

Sasa naomba tulinganishe kabla sijaishiwa hela. Vijana wa barabarani nimewatumia miaka. Elfu tano, dakika ishirini umeondoka. Shida ni kwamba sponji ni moja, inatoka kwenye rimu inapanda boneti, na ukitia mkono kwenye ndoo yao unagusa mchanga. Nikahamia kuosha mwenyewe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Imesaidia, ila jua la saa nne likipiga boneti bado naiona ile mistari ya duara kama utando wa buibui. Kuna fundi anataka elfu themanini apitishe mashine ya polishi. Mwingine, wa mjini, anataka laki nne na nusu aweke seramiki, ile dawa ya maji inayokauka kuwa ngozi ngumu juu ya rangi, na ananiapia sitasugua gari tena. Mnasemaje?

Chalii_Ngarenaro
Chalii yangu, laki nne na nusu kwenye IST? Hiyo ni tairi nne! Mimi sabuni ya unga na dodoki, gari yangu inawaka kila asubuhi. Njiro yenyewe ukiacha lami mita mia tu umeshakuwa rangi ya ugoro.

FundiRangi_Majengo, Moshi
Chalii, kuwaka ni injini, hapa tunaongelea rangi. Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na nta ya gari haiwezi kuitofautisha na mafuta ya mandazi. Ukiosha hivyo mara chache, nta uliyopaka imekwenda na maji.

Mzee, kabla hujamkabidhi mtu mashine, sikiliza hesabu. Rangi ya kiwandani, kuanzia msingi mpaka kliya, ile tabaka angavu ya juu, mara nyingi ni kati ya maikroni 100 na 150 (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Kliya peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wako una kama 70. Yaani kinga yote ya gari lako ni nyembamba kuliko unywele. Na polishi haifuti mkwaruzo, inakata kliya ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Fundi mzuri akipita mara moja anakula maikroni chache, hakuna neno. Ila nilikuwa na mteja hapa, mpenda usafi kama wewe, kila mwezi polishi ili Jumapili aegeshe kanisani linang'aa. Mwaka wa pili kingo za boneti zikatoka msingi wa kijivu. Kingo ndiko rangi inakokuwa nyembamba, na ndiko mashine inakouma zaidi. Nikampakia boneti upya, na bado ukiiangalia jioni unaona haifanani na mafenda.

Kama fundi wako hana kile kipimo cha unene wa rangi, muulize anajuaje boneti hiyo haikuwahi kupigwa msasa kabla hujainunua. Gari la mtumba hilo.

DerevaWaPori, Sakina
Mzee, hizo siku za katikati ya wiki unalifanyaje gari?

MzeeWaNdoo, Njiro
Kila asubuhi napangusa vumbi kwa taulo kavu kabla ya kwenda kazini. Dakika tano tu.

DerevaWaPori, Sakina
Basi mwizi wako tumemkamata. Ni hiyo taulo.

Mimi naendesha Land Cruiser ya watalii. Nikirudi kutoka Serengeti kupitia Ngorongoro gari ni jeupe kama limemwagiwa unga wa sembe. Zile nyanda za kusini mashariki udongo wake ni majivu ya volkano, na majivu ya volkano yana chembe za kioo. Hata huku kwetu chini ya Meru, vumbi letu ni ndugu yake. Ukilipangusa likiwa kavu umepiga msasa. Wewe umepiga msasa siku tano kwa wiki halafu Jumamosi unapiga mswaki nati.

Sisi tukirudi, presha kwanza, kuanzia juu ya paa, halafu ndani ya mafenda mpaka tope likome kudondoka. Robo saa nzima hakuna mkono unaogusa bodi. Baadaye povu, liachwe litelemke lenyewe. Kitambaa ndiyo kinakuja, kwa mistari iliyonyooka, wala si kuzungusha kama unachapa chapati.

Na usikubali wakupulizie dizeli chini ya gari ati ling'ae. Inalainisha bushi za raba, na vumbi linaganda hapo hapo.

Dada_wa_Rau, Moshi
Ya bodi yote sawa, mimi nawaonya kuhusu injini. Nilipeleka Noah yangu sehemu fulani, kijana akafungua boneti akapiga presha mpaka injini ikawa kama sufuria jipya. Nikampa na bakshishi. Kufika Kwa Sadala gari linakatakata, taa ya injini inawaka, nina watoto na mzigo wa ndizi nyuma. Fundi alichomoa koili, akakuta maji yamekaa kwenye mashimo ya plagi. Siku hizi injini yangu inafutwa kwa kitambaa kibichi na burashi, ikiwa imepoa. Uzuri wake nani anauona?

SeramikiMwakaMmoja, Moshi
Ninayo, ngoja niseme ukweli wote. Maji yanateleza, kinyesi cha ndege kinatoka kirahisi, kuosha kumekuwa kwepesi. Hapo sijutii.

Ila "hutasugua tena" ni biashara. Vumbi linakaa kama kawaida. Ule ugumu wa 9H wanaoutaja ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli, isije mtu akadhani gari limevishwa almasi. Taulo kavu itakwaruza tu. Halafu lazima polishi ipigwe kwanza, la sivyo hiyo mikwaruzo unaifungia ndani, kwa hiyo muulize kama laki nne na nusu inajumuisha polishi. Nyingine, baada ya kupaka gari likae ndani bila kuguswa na maji walau siku nzima. Mimi nilipaka Aprili! Mvua ilinikuta njiani na madoa mawili ninayo mpaka leo. Maji ya kisima nayo yakikaukia juani yanaacha alama nyeupe, seramiki au si seramiki.

Chalii_Ngarenaro
Kwa hiyo mwenye dodoki na mwenye seramiki wote wana madoa. Nimefurahi.

FundiRangi_Majengo, Moshi
Wewe furahi, ukitaka kuuza utakuja kwangu.

Mzee, kwa IST inayolala nje chini ya mijakaranda ya Njiro, mimi ningetoa hiyo themanini mara moja tu, dawa ya polishi iliyo laini, kingo zizibwe na utepe wa karatasi wa kunata. Kisha nta kila miezi mitatu, unapaka mwenyewe kivulini. Seramiki ningemwachia mwenye gari jipya na banda lenye paa.

MzeeWaNdoo, Njiro
Nimeelewa. Polishi nitasubiri masika yapite. Taulo nimeirudisha ndani leo, asubuhi nimekwenda kazini na vumbi langu, mkono ulikuwa unawasha mpaka Kijenge.

Ndoo ndiyo imebaki moja. Ile ya bluu nimeambiwa ni ya kudekia, na kwamba ilikuwa inatafutwa tangu Pasaka.