RDR2: Xbox inatumia mipangilio gani, na nitaifikiaje kwenye PC?

kochi_la_nyuma
Wakuu, salamu. Mashine ni Ryzen 5 5600, kadi ya picha RTX 3060 ya GB 12, RAM GB 16, imechomekwa kwenye TV ya 4K ya Hz 60. Red Dead Redemption 2 nikipandisha kila kitu Ultra (kiwango cha juu kabisa) kwa 4K haifiki fremu 30 kwa sekunde. Xbox Series X kwenye TV hiyohiyo imetulia kwenye 30, na ukikaa kwenye kochi huoni tofauti ya maana, ila picha ya PC inakuwa nyeusi mno sehemu za giza. Xbox inatumia mipangilio gani? Au nishushe tu kile kitelezi cha ubora mpaka zilingane?

FundiVulkan
Mkuu, kitelezi hicho achana nacho. Kinaangalia kwanza kadi uliyonayo ndipo kinapanga, kwa hiyo hatua ileile kwenye kadi nyingine inaleta mipangilio tofauti. Fungua mipangilio ya kina, weka kimoja kimoja.

Jambo lingine: Series X haina toleo lake la gemu hii. Inaendesha lile la Xbox One X (konsoli ya kizazi kilichopita) la 2018, 4K kamili kwa fremu 30. (PS4 Pro ilikuwa inachora 1920×2160 kisha inajaziliza hadi 4K, ndiyo maana nywele na majani yalionekana kama yana ukungu.) Gemu ilipofika PC Novemba 2019, Digital Foundry (wachambuzi wa picha za magemu) waliilinganisha na One X wakakuta teksicha (picha zinazofunika kuta, udongo na vitu) ziko Ultra, mengi yaliyobaki ni kati na chini, na machache yako chini hata ya kiwango cha mwisho kwenye menyu ya PC. Kwa hiyo ukiweka Ultra kila mahali unachora kitu ambacho konsoli haijawahi kukichora, halafu unashangaa inakuzidi.

Anzia hapa. Teksicha Ultra, usiziguse: GB 12 zinatosha, na ukishusha hatua moja tu udongo na kuta zinaharibika waziwazi huku fremu haziongezeki. Uchujaji wa anisotropiki (unaofanya ardhi ya mbali isififie) 16x, kwa kadi ya sasa ni kama bure. Mwanga na vivuli vya karibu weka kati. Vivuli vya mbali chini, taswira za kwenye madimbwi chini. Ukungu na miale ya jua chini au kati, hapa ndipo asubuhi zenye ukungu zinapoiua kadi. Kitelezi cha fizikia ya maji kiache nusu. Ukikijaza, mtoni fremu zinaporomoka na mawimbi huoni yamebadilika nini. Tesselesheni ya miti (inayoongeza umbo la mashina) zima. MSAA (njia nzito ya kulainisha kingo) zima, na ile ya taswira pia: kwa 4K inameza kuliko kitu kingine chochote, na TAA (inayochanganya fremu zilizopita) tayari inalainisha kingo.

Pima kwa jaribio lililomo ndani ya menyu yenyewe, si kwa kuzurura, maana saa na hali ya hewa ndani ya gemu zinabadilika na namba zitakudanganya.

Rangi16_235
Hilo giza halihusiani na grafiki, ni HDMI. PC yako inatuma RGB kamili, yaani viwango vya mwanga 0 hadi 255, na TV inasubiri 16 hadi 235, kwa hiyo kila kilicho chini ya 16 kinazama kwenye weusi. Kosa likiwa kinyume chake, picha inapauka kama imepakwa majivu. Nenda paneli ya NVIDIA, sehemu ya kubadili resolusheni, kwenye masafa ya rangi chagua Full, kisha kwenye TV tafuta kiwango cha weusi cha HDMI ulinganishe. Xbox kwa kawaida hutuma masafa finyu, hivyo TV ikikubali, weka kila tundu la HDMI na mpangilio wake. Hakikisha na hali ya gemu imewashwa kwenye matundu yote mawili. Bila hayo mnalinganisha mipangilio ya TV, si mashine.

ngazi_kwa_ngazi
Nyongeza kwa anayetaka kuhakiki resolusheni (idadi ya pikseli zinazochorwa) mwenyewe. Piga picha ya skrini ya PNG, ya simu haifai, na JPEG inavuruga kingo. Tafuta ukingo mrefu uliolala kidogo, kama paa la nyumba au waya wa simu, kuza, kisha hesabu ngazi za ukingo na pikseli za wima zilizochukuliwa. Ngazi 20 ndani ya pikseli 30 ni theluthi mbili, yaani 1440 kati ya 2160. TAA inazifuta ngazi hizo, kwa hiyo wahi fremu ya kwanza kabisa kamera inaporuka kwenda eneo jingine. Hapo haijapata fremu za nyuma za kuchanganya.

kochi_la_nyuma
Weusi umepona, asante @Rangi16_235. Kwa mipangilio ya FundiVulkan napata 38 hadi 45. Ajabu ni kwamba Xbox yenye 30 bado inateleza vizuri kuliko hii.

FundiVulkan
Sio ajabu. TV ya Hz 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Fremu 40 haziingii sawasawa humo: moja inakaa 16.7, inayofuata 33.3, na jicho linaona picha ikikwamakwama kamera ikigeuka. Xbox inashika 33.3 kila fremu. Weka kizuizi cha 30 kwenye RivaTuner (programu ya kudhibiti fremu), V-Sync (inayolinganisha fremu na skrini) ikiwa imewashwa, na grafu ya muda wa fremu inyooke kama rula. 40 ina maana kwenye skrini ya Hz 120, ambako kila fremu inakaa 25 kamili.

ngazi_kwa_ngazi
Mimi nisingeifunga 30 kadi ya aina hiyo. Jaribu DLSS (teknolojia ya NVIDIA inayochora picha ndogo kisha kuikuza), imo kwenye gemu tangu 2021. Ile ya Performance kwa 4K inachora 1080p ndani. Isipofika 60 kwenye mji wa ndani ya gemu, Saint Denis, punguza ukungu kabla ya kugusa vivuli. Majani ya mbali yatatetemeka kidogo, hilo halikwepeki.