Vioo vya kasha la chatu vyatoka jasho kila alfajiri: nizibe matundu au niongeze?

mkaa_shella
Salamu wadau. Nina chatu mchanga wa mita 1.2, kwa kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya). Kasha ni la plaiwudi, sentimita 120 kwa 60 kwa 60, mbele vioo viwili vya kusukuma, juu matundu manne tu. Upande wa joto nyuzi 32, wa baridi 27. Mchana kipima unyevu chasoma 60%, lakini tangu masika yaanze hapa Malindi, alfajiri vioo vyatiririka maji na makumbi ya nazi niliyomtandikia yanuka uvundo. Maelekezo mengi yasema nifunike juu na ninyunyize maji mara mbili kwa siku. Nishike lipi?

bin_maweni
Usizibe kitu, na kinyunyizio kiweke kando. Maelekezo hayo ni ya nchi za baridi, ambako hita za nyumba hukausha hewa. Pwani hewa yenyewe ina maji. Kasha lako limekosa mzunguko.

Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu 60%, ikipoa hadi 24, maji ni yale yale lakini unyevu hufika kama 95%. Ikigusa kioo cha nyuzi 23 huwa haiwezi tena kuyabeba, ndiyo hayo matone. Usome kipima alfajiri, si mchana.

Toboa matundu 10 ya milimita 20 kwenye ubavu wa upande wa baridi, sentimita 5 juu ya makumbi, na 10 mengine juu kabisa kwenye ubavu wa upande wa joto. Hewa moto itapanda itoke, nyingine iingie chini. Matundu yakiwa juu tu, hewa ya chini hutuama, na huko chini ndiko chatu anakolala. Funika kwa wavu wa aluminiamu. Ule wa chuma chumvi ya bahari huula, na ncha zake humchubua pua. Kingo ulizotoboa zipake vanishi ya maji, usimrudishe mpaka harufu iishe kabisa.

dada_gede
Kaka, kijaribu kwanza hicho kipima. Tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, matone machache ya maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Fungia pamoja na kipima ndani ya mkebe usiopitisha hewa, kwa muda wa saa 12. Kinapaswa kusoma 75%. Kikisoma 82, toa 7 kila usomapo.

Makumbi yaliyovunda toa yote, usichanganye na mapya. Weka usumba (nyuzinyuzi za makumbi) wa kina cha sentimita 5. Ukiuminya usitoe maji. Bakuli la maji lihamie upande wa baridi. Usiku unyevu ukigusa 80% si neno, mradi sakafu ni kavu.

Na tafadhali mtazame tumbo leo hii: magamba mekundu au malengelenge ni dalili ya magamba kuoza. Akipumua kwa mluzi, mdomo wazi, au akitoa povu, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Nyoka hana kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) cha kumsaidia kukohoa, makohozi hubaki mapafuni.

mkaa_shella
Ahsanteni sana. Na wakati wa kujivua gamba, si litakwama kasha likiwa kavu?

bin_maweni
Macho yakigeuka samawati, mwekee mkebe wenye tundu la kuingilia na usumba uliolowa ndani. Akishajivua, uondoe. Kagua gamba: vifuniko vyote viwili vya macho viwemo.

Kaskazi ikikausha hewa, ziba nusu ya matundu ya juu kwa utepe, ya chini usiyaguse. Utepe ubandikwe nje, kamwe si ndani: gundi hung'oa magamba.