Naomba ushauri: kuandika maisha ya mama aliyekuwa wakili wa kesi za kazi

Wakuu habari zenu. Mama yetu alifariki na ndugu wamenipa kazi ya kuandika kijitabu cha kumkumbuka, sasa nimekwama.

Mama alikuwa wakili wa wafanyakazi, waliofukuzwa bila sababu, wadada wa kazi za ndani wasiolipwa, wajawazito walioachishwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 158 wa mwaka 1982 alikuwa nao kichwani, ule unaotaka mtu asiachishwe kazi bila sababu ya msingi, na ule namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani ulipopitishwa 2011 alifurahi mpaka akatoa machozi. Usiku sisi tukilala yeye yuko na mafaili, na asubuhi huyohuyo ndo anatuamsha shule sare zimeshapigwa pasi, sijui alikuwa analala saa ngapi.

Kinachonisumbua ni kwamba stori nzuri zaidi za maisha yake ni za wateja wake, na siri ya mteja haiishi eti kwa sababu wakili amefariki. Hata nikificha majina, nikitaja aina ya kazi na mwaka si watajulikana tu? Nafikiria niwaombe wale waliokuja msibani wasimulie wenyewe kwa ridhaa yao. Na mafaili yaliyobaki kabatini mi naona tusiyafungue kabisa, akabidhiwe wakili mwingine awarudishie wenyewe, ila kaka yangu anataka tuyasome kwanza.

Mawakili na mliowahi kuandika wasifu wa mzazi, nifanyeje hapo? Na kaka nimwambieje bila kugombana?