Picha napiga kwa hobi tu ila ofisi nzima inataka kopi, nyie mnagawaje?

MdiriaWaDar

Wakuu habari za jioni. Swali hili ni kwa wale mnaopiga picha kwa kupenda tu, siyo kazi ya kukuingizia hela. Mimi nimeajiriwa ofisi moja hapa mjini, kamera naishika wikiendi, napiga ndege, napiga bahari alfajiri kule Kigamboni, na miaka yote hakuna aliyenisumbua manake nani anataka picha ya mdiria kakaa kwenye waya. Balaa limeanza idara yetu ilipokodi basi kwenda Mikumi. Nikaenda na kamera nikapiga wanyama, nikapiga na watu, watu wakiwa na watoto wao pia, basi tokea turudi sina amani. "Kaka nirushie zile picha." Zipi? "We nirushie zote ntachagua mwenyewe." Zote ni zaidi ya GB 20 na humo ndani kuna tembo mmoja huyo huyo kibao, kageuka kushoto, kageuka kulia, kafumba jicho.

Nikachagua kidogo nikarusha kwenye grupu la WhatsApp. Haijapita muda mama mmoja wa uhasibu kanifuata, ile ya twiga kapeleka iprintiwe kubwa aitundike sebuleni imetoka ina ukungu, ananiuliza mwanangu hiyo kamera yako ni nzima kweli? Bosi naye anataka ya machweo, A3, na fremu. Halafu kuna jamaa ana biashara yake ya pembeni, huyu anataka za wanyama atengenezee kalenda za kugawa kwa wateja wake, nilipovuta vuta akaniambia "kwani si ulipiga kujifurahisha tu?" Ile kauli imenikaa hapa kooni mpaka leo.

Sasa nauliza, natuma kwa njia gani picha isife na bando la watu lisiishe, niwape zote au nichague, na huyu wa kalenda nimjibu vipi nisionekane nina roho mbaya maana tunakaa meza jirani.

FundiPikseli

Mwambie mama wa uhasibu kamera ni nzima, iliyomuua twiga ni WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inaikamua, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 hivi, wakati kamera ya megapikseli 24 inatoa 6000 kwa 4000. Hiyo 1600 ukaitandaze kwenye A4 ambayo urefu wake ni inchi 11.7 unapata nukta kama 137 kwa kila inchi, na watu wa kuprinti wanapenda waone 300. Ile HD waliyoleta 2023 ina nafuu lakini nayo inapunguza.

Ukitaka picha ifike ilivyo, bonyeza kile kipini cha kuambatisha, chagua Dokumenti, usipite kwenye gelari, tafuta faili lako tuma. Litaenda na uzito wake wote, siku hizi inapokea mpaka GB 2 kwa faili moja. Telegram nayo ina njia hiyo hiyo ya kutuma kama faili.

Ila usikimbilie kumtumia kila mtu hivyo. JPEG ya kamera kama hiyo inacheza kwenye MB 10, picha 60 ni MB 600, mwenye bando la wiki utakuwa umemfilisi, na wengi wao wanataka ya kuweka statasi tu. Mimi natoa toleo mbili. La kwanza dogo, upande mrefu pikseli 2048, kwoliti 80, linakuja chini ya MB 1 au hapo hapo, hili ndo la watu wote na kwenye simu linaonekana safi kabisa huwezi kujua tofauti. La pili ni saizi kamili, namtumia yule tu aliyesema anaenda kuprinti. Programu nyingi za kuhariri zinafanya hii kazi kwa mkupuo, unachagua folda unaiachia unaenda kunywa chai. Na kwenye mpangilio wa rangi hakikisha unatoa kwa sRGB, ule wa kawaida wa simu na skrini, ukitoa kwa Adobe RGB kuna simu na programu zitaonyesha rangi zimepauka, watu waseme tena kamera mbovu.

Kama wote mko ofisi moja mbona hamna haja hata ya MB, Android kwa Android kuna Quick Share, iPhone kwa iPhone AirDrop. Bluetooth ya kawaida achana nayo, utastaafu haijamaliza.

StudioKkoo

Mimi nipo studio Kariakoo, nasafisha picha hizi kila siku, nakubaliana na fundi hapo juu. Mteja anakuja na simu, "picha imo WhatsApp humo", tunaivuta, namwonyesha kwanza kwenye kompyuta, nakuza pale masikio ya twiga yanapokutana na mbingu, unaona vimraba mraba vimezunguka sikio na manyoya yote yamelainika kuwa rangi moja. Namwambia mama hii kubwa haiendi. Anasema we toa tu. Nikitoa analalamika, hapo ndo kazi yetu ilipo.

Lakini nisikutishe, siyo kila kopi inataka faili kubwa. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6 hata hiyo ya WhatsApp inatoka vizuri tu. Shida inaanzia A4 kwenda juu. Ya bosi ya A3, kama hujaikata sana, pikseli 6000 kwenye inchi 16.5 inatosha na kubaki. Ndege ndo wana kesi yao, manake mdiria umempiga yuko mbali ukamkata mpaka zikabaki kama pikseli 2500, kwenye A3 hiyo ni 150 kwa inchi, ukisogeza pua utaona, ukiangalia umekaa kwenye kochi wala hujui. Mimi huwa nasema toa.

Vitu viwili ambavyo watu wa hobi mnavisahau. Kamera yako inapiga kwa uwiano wa 3 kwa 2 na A3 haina uwiano huo, kwa hiyo lazima kuna pembe itakatwa au ibaki na ukanda mweupe, na ukienda 8 kwa 10 inakatwa zaidi, ndo unakuta mtu aliyesimama pembeni bega halipo. Ikate mwenyewe kabla hujamkabidhi bosi, usituachie sisi, sisi hatujui nani ni muhimu pale. Halafu skrini ya laptopu ina taa, karatasi haina taa, machweo yako yatatoka giza kuliko ulivyoyaona. Pandisha mwanga kidogo, toa ndogo moja ya kujaribia, ukiridhika ndo utoe kubwa. Na kama itakaa kwenye fremu yenye kioo chukua karatasi mati, ile isiyong'aa, maana glosi inang'aa, juu yake kioo tena inamulika mpaka huoni kitu.

BintiMvita

Kaka salaam kutoka Mombasa. Mie nina kamera pia na nna mashangazi, kwa hiyo hii shida yako naijua ndani nje. Zote usitoe. Mtu akikwambia nirushie zote huyo hataki zote, anataka zake alizotoka vizuri, na hizo wewe wazijua. Mimi nachagua kwanza, kila tukio picha arubaini hamsini hivi, zilizofumba macho nafuta kabla hazijaonwa na mtu, manake ikishatoka ile ya bosi mdomo wazi anakula mahindi, ishatoka. Na RAW, yaani faili ghafi la kamera kabla halijahaririwa, simpi mtu hata akilia, ile ni unga haujawa mkate, ataifungua kwa simu aione imefifia aseme hii ndo kazi yako.

Kisha nafungua folda Google Drive, linki nawapa kama watazamaji. Usiwape uhariri hata kidogo, maana mwenye uhariri aweza kuondoa picha humo asijue afanyalo. Kila mtu achukua zake kwa wakati wake, mwenye Wi-Fi asubiri Wi-Fi, na wewe simu yako yapumua. Kumbuka tu ile GB 15 ya bure Google wanaihesabu pamoja na barua pepe zako na Google Photos, na Photos yenyewe tangu Juni 2021 haina tena ile hifadhi ya bure isiyo na mwisho, kwa hiyo baada ya mwezi au miwili funga folda, waambie mapema litafungwa lini.

La watoto ndilo ningelitilia mkazo. Umesema watu walikuja na wanao. Hizo usiziweke grupu la ofisi wala folda la wote, kila mzazi mpelekee za mwanawe mkononi mwake. Kuna mzazi hapendi na hatakwambia usoni, atanuna tu.

MzeeWaBei

Mnamlea vibaya huyu. Lenzi kanunua nani? Mafuta ya kwenda Kigamboni alfajiri anaweka nani? Weka bei. Ya simu bure, ya kuprinti walipie, ya kalenda walipie mara tatu. Ukigawa bure mwaka huu mwakani utapigishwa send-off ya dada wa mtu bure, harusi bure, ubarikio bure, na chakula utakula cha mwisho.

BintiMvita

Mzee hapana, wenzake wa kazini hao, ukianza kumtoza mama wa uhasibu kwa twiga utakuja kumhitaji siku marejesho yako yamekwama. Gharama ya karatasi na fremu alipe mwenyewe moja kwa moja studio, hapo sawa kabisa, pesa isipite mkononi mwako. Harusi ndo kazi, hiyo sema bei au sema huendi.

MdiriaWaDar

Asanteni sana, hii ya uwiano nilikuwa siifikirii kabisa, bosi kwenye ile picha kasimama pembeni kabisa ya fremu, ningemkata bega kweli. Swali la nyongeza, nikituma kama dokumenti, ile habari ya mahali picha ilipopigwa inaenda nayo? Maana zingine nilipiga na simu, kuna za ndege nilizopigia nyumbani dirishani.

FundiPikseli

Inaenda. Hapo ndo tofauti nyingine, picha ya kawaida ya WhatsApp inafutwa hizo taarifa njiani, dokumenti inabeba kila kitu, tarehe, aina ya simu, na kama lokesheni ilikuwa imewashwa basi na nyumba yako ilipo. Unapotoa toleo la kugawa kuna kisanduku cha kuondoa lokesheni, kiweke tiki kiwe hivyo siku zote. Kwenye hifadhi za wanyama pia ni tabia nzuri, wenye faru huwa wanaomba kabisa watalii wasianike sehemu faru alipo, majangili nao wana simu.

KalamuNyeusi

Nilikuwa nasoma tu ila ngoja niingie kwenye hili la kalenda maana naona mmelipitia juu juu. Mkuu, kumpa mtu kopi siyo kumpa haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 picha ni yako tokea ulipobonyeza, huhitaji kuisajili popote, na haijalishi kama ulikuwa unajifurahisha tu, sheria haiulizi kama ulikuwa unacheka wakati unapiga. Ukitaka pa kuulizia zaidi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ile "si ulipiga kujifurahisha" haina mguu wa kusimamia.

Lakini kugombana naye hakuna haja. Mwandikie meseji fupi, iwe kwa maandishi siyo ya mdomo: nakuruhusu picha hizi tatu, kwa kalenda ya mwaka huu tu, jina langu liwepo chini ya kila picha, usimpe mtu mwingine, usizitumie kwenye matangazo mengine. Akijibu sawa, hiyo meseji itunze. Kama utaongeza na hela ni wewe na yeye, mimi ningemwomba kalenda kumi.

Sasa angalia mambo mawili. Kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi za taifa kuna vibali vyake na ada zake, nyie mliingia kama watalii, kwa hiyo kabla wanyama wa Mikumi hawajaenda kutangaza biashara ya mtu mwambie yeye ndo akaulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mzigo huo siyo wako. Na la pili, picha yoyote yenye sura ya mfanyakazi mwenzenu isiingie kwenye kalenda bila mwenyewe kukubali, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na hata ingekuwa haipo, nani anataka kujikuta mwezi wa Agosti ukutani kwa mtu asiyemjua.

MdiriaWaDar

Hahaha mwezi wa Agosti. Basi nimempa ndege, siyo wanyama. Nina mdiria na korongo niliowapiga Kigamboni na kwingine nje ya hifadhi, nimemtumia ndogo achague, na ile meseji nimeiiba kama ulivyoiandika mkuu, kajibu "poa, jina lako niliweke kubwa au dogo?" kumbe wala hakuwa na neno. Folda la Drive nalijaza leo usiku, la watazamaji. Mama wa uhasibu nimemtumia twiga kama dokumenti, kanipigia anasema haifunguki kwenye grupu la familia yake. Namwelekezaje?

StudioKkoo

Usimwelekeze. Mwambie afowadi kwenye namba ya studio atakayokwenda, kama dokumenti hivyo hivyo, asiifungue akaihifadhi upya wala asipige skrinishoti. Hasa skrinishoti, mkuu. Wanazipenda sana.